Ua Jekundu la Bakuli la Mama

Kwa miaka tisa, kila mama alipotimiza mwaka, bakuli jipya la kioo la katikati ya meza yake lilitengenezwa na binti mmoja tu, yule mkubwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Fundi. Mwaka huu mama alikuwa anatimiza miaka sabini, na siku ya kugawana kazi za sherehe alisema, huku akikunja nguo, "Bakuli safari hii atatengeneza Kitinda." Kitinda ni mdogo wake Fundi, aliyejifunza kazi ya vioo miezi minne tu, tena katika karakana ya Fundi, kwa zana za Fundi! Fundi akajibu, "Sawa, mama," na kijiba cha roho kikamshika.

Wivu, tuseme ukweli, hauna adabu. Alimtazama Kitinda akikata vioo vya njano na kijani na kuvipanga juu ya meza, akaomba aharibu. Hakuharibu. Msichana alikuwa na mkono, na hilo ndilo lililomla Fundi roho.

Sasa, karakana ile ilikuwa na makopo mawili ya vioo vyekundu. Moja lilifungwa kamba, maana vioo vyake vilitoka kwa muuzaji mwingine. Ukiviyeyusha pamoja na vingine hushikana vizuri tu, lakini vikipoa husinyaa kwa namna yao, na chombo hupasuka, pengine siku hiyo, pengine baada ya wiki. Siku hiyo kamba ilikuwa imefunguka na kudondoka. Kitinda akainua kipande kutoka kopo hilo.

"Dada, hiki kinafaa?"

Fundi alikiona. Na kamba aliiona, pale sakafuni.

"Kinafaa," akasema, akaendelea kufagia.

Tanuri likawashwa. Vioo vikayeyuka vikawa bamba moja, likaachwa lipoe polepole hadi kesho yake, kisha likarudishwa motoni juu ya kalibu mpaka likalainika na kubonyea kuwa bakuli. Fundi alifungua tanuri mwenyewe, akitarajia vigae. Akakuta bakuli zima, ua jekundu katikati, zuri kuliko yake yote tisa.

Siku ya sherehe bakuli lilijazwa machungwa. Shangazi, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema, "Mwanafunzi kampita mwalimu! Wewe katafute kazi nyingine." Watu wakacheka. Mama akamshika Kitinda bega. "Huyu naye sasa ni fundi."

Jina hilo lilikuwa la dada mkubwa peke yake. Fundi akajikaza kisabuni, akatabasamu. Pasuka, akaliambia bakuli moyoni. Pasuka watu waone.

Kitinda akasimama. "Mimi nilikata tu, mama. Hakuna kipande nilichokiweka bila kumuuliza dada."

Hapo Fundi akaona haya, akataka lisipasuke. Alinyoosha mikono aliondoe mezani, na bakuli likalia: tak. Ufa ulizunguka ua lote, machungwa yakabingirika hadi miguuni mwa shangazi.

Kitinda alipitisha kidole pembeni mwa kioo chekundu, kisha akamtazama dada yake. Miezi minne inatosha mtu kulijua kopo la kamba.

"Kosa ni langu," akamwambia mama haraka. "Nilichanganya vioo. Dada alinikataza."

Mama alikuwa tayari anampapasa mgongo. "Si kitu, mwanangu." Fundi angeweza kunyamaza, na mambo yangeishia hapo. Lakini uongo ule wa kumkinga ulimchoma kuliko sifa zote za siku ile. Hata kwa wema alikuwa amezidiwa.

"Sikumkataza," akasema. "Aliniuliza, nikamwambia kinafaa. Nilijua."

Mkono wa mama ulisimama. Kitinda akapiga magoti, akaanza kuokota vipande, na Fundi naye akainama kando yake amsaidie.

"Acha, dada," Kitinda akasema bila kuinua uso. "Utajikata."