Maji Aliyoyaomba Holo

Holo alianza kukohoa damu wakati watu wa Kharumwa wakipalilia pamba, mwaka ule wa hamsini na mbili ambao mvua zilichelewa hadi ng'ombe wakaonekana mbavu. Alikuwa akiishi kwa mwanawe Bujiku, mfugaji asiyekuwa na dini yoyote ila ile aliyoachiwa na wazee wake. Bujiku alipoona mama hawezi tena kunyanyua hata mchi, akatuma watu wawaite dada zake wawili. Alijua vema kwamba anauita na ugomvi.

Paskazia, aliyekuwa mkubwa, aliolewa na Kalisti, katekista wa kigango cha Wakatoliki. Zipora, mdogo wake, aliolewa na Onesmo, mwinjilisti wa Kiprotestanti ng'ambo ya mbuga. Utotoni walilala ngozi moja na kufunikwa shuka moja, na mmoja akipigwa, wa pili alilia. Tangu wabatizwe kila mmoja kwake, walikutana misibani tu, na hata huko mmoja akikaa huku, mwenzake alikaa kule. Ugomvi wao ulianza na mambo madogo, rozari na sanamu, pombe ya mtama, nani alibatizwa kwa maji mengi na nani kwa maji ya kiganjani. Mwishowe ukafika kwenye moto. Paskazia alimwambia mama yake kwamba walio nje ya Kanisa wataungua, na Zipora naye akamwambia kwamba wanaopigia sanamu magoti wataungua. Holo aliwasikiliza wote wawili. Jumapili hii alikwenda kukaa kwa Kalisti, Jumapili ifuatayo kwa Onesmo, na wanawake wenzake kisimani wakamcheka kwamba amekuwa mbuzi wa mipakani.

Waliingia kwa Bujiku siku moja, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Wakamwamkia mama yao, wakamwosha, wakampikia uji. Kila mmoja alitandika mkeka wake upande wake wa kitanda, na kati yao akalala mgonjwa.

Siku zikapita hivyo. Paskazia akianza rozari, Zipora alitoka nje kuchanja kuni ambazo hazikuhitajika. Zipora akianza wimbo, Paskazia alikumbuka sufuria isiyosuguliwa. Bujiku aliona yote hayo, akanyamaza, kwa maana aliona hayamhusu.

Jioni moja Holo aliomba aegemezwe ukutani. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, lakini maneno yalikuwa bado yanamtii.

"Mnataka nibatizwe," alisema.

"Ndiyo, mama," wakajibu wote wawili, kisha wakaona haya kwa kujibu pamoja.

"Na mimi nataka. Huyo Mungu mnayemsema nimemkubali zamani. Neno moja tu linanishinda. Wewe Paskazia umeniambia Zipola ataungua." Alilitamka jina la Zipora hivyo, kwa ulimi wake wa Kisukuma. "Na wewe Zipola umeniambia Paskazia ataungua. Sasa nikimfuata mmoja wenu, si nitakuwa nimekubali kwamba huyu wa pili aungue? Nilimzaa ili nije nikubali hivyo?"

Kuni zilipasuka mekoni.

"Nendeni nje mkapatane," Holo akasema. "Mkishapatana, ingieni pamoja mniambie. Nitakwenda popote mtakaponipeleka."

Walitoka, wakasimama nyuma ya ghala la mtama. Paskazia alijua kwamba yeye ndiye mkubwa na kwamba neno la kwanza lilikuwa lake. Lilikuwa karibu, lilikuwa kwenye ulimi. Lakini alipofungua kinywa lilitoka lingine.

"Unaona ulivyomchanganya mama?"

"Mimi? Ni nani aliyeanza kumtisha na moto?"

Wakabishana hapo mpaka Bujiku akaja kuwaambia kwamba mgonjwa anawasikia. Waliporudi ndani Holo alikuwa amegeukia ukutani. Hakuwauliza kitu, nao hawakusema.

Kesho yake asubuhi pumzi ya mama ilibadilika. Paskazia aliuguza wengi, akaitambua pumzi ile. Zipora alikuwa amekwenda kisimani, nyumba ilikuwa kimya, na pembeni palikuwa na mtungi wa maji na kata juu yake. Kalisti alikuwa akifundisha kila Kwaresima kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa na padre hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza, hata mwanamke, hata mtoto. Maji kidogo kwenye paji la uso na maneno yale ya Utatu, basi. Paskazia aliyajua maneno yale kama alivyojua jina lake.

Alishika kata. Kisha akawaza kwamba hakuna atakayeona. Zipora atasema ni uongo, na nyumba ya Onesmo yote itasema ni uongo, na mama atazikwa kwa wimbo wao. Afadhali padre aje mwenyewe, na stola yake na kengele, njia nzima ione. Akairudisha kata juu ya mtungi.

Akamwita jirani yao Ghati, mwanamke wa Kikurya ambaye mumewe alimleta huko alipokuja kuchimba dhahabu. Ghati hakuwa na dini ya kitabu, na Kisukuma alijua cha kununulia chumvi tu, lakini alikuwa na moyo wa kukaa na mgonjwa.

"Nikalie na mama," Paskazia alimwambia. "Nakwenda misheni kumwita padre. Sitakawia."

"Nenda, Mama Valerian. Nipo."

Zipora aliporudi na ndoo yake na kusikia dada yake amekwenda wapi, aliitua ndoo mlangoni, akajifunga kanga vizuri, akashika njia ya ng'ambo ya mbuga kumfuata mchungaji.

Misheni ilikuwa mbali. Paskazia alikwenda nusu anatembea, nusu anakimbia, na njia nzima alikuwa akisali, ingawa baadaye, alipojichunguza, aliona kwamba alichokuwa akikiomba zaidi ni kufika kabla ya Zipora. Alimkuta padre na Kalisti wakiwafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa. Padre, Mzungu mwenye ndevu nyeupe aliyezoea jua la Usukuma, hakuuliza maswali mengi. Alichukua mkoba wake, wakaandamana.

Mchana ulikuwa umepinda walipofika kwenye njia panda chini ya boma la Bujiku. Kutoka upande wa pili walikuwa wanakuja Zipora, Onesmo na mchungaji wao, wamejaa vumbi la mbuga. Makundi yale mawili yaliangaliana. Hakuna aliyesalimu. Pande zote zikaongeza mwendo, na kwa hatua chache watu wazima wenye heshima zao walikuwa karibu kukimbia, mabega yakigusana kwenye kijia kilichotosha ng'ombe mmoja.

Hapo ndipo waliposikia kilio cha wanawake.

Kalisti ndiye aliyesimama wa kwanza, akavua kofia. Paskazia aliendelea kwenda. Uani alimkuta Bujiku ameketi juu ya kigogo, mikono mitupu, anatazama chini. Hakuinua uso.

"Amekufa," alisema. "Nilikuwa malishoni. Amekufa akiwa na mgeni, na ana mabinti wawili."

Padre na mchungaji, ambao kwa miaka mingi walipishana njiani bila zaidi ya kuinamisha vichwa, walijikuta wamesimama chini ya upenu mmoja, kila mtu na kitabu chake kwapani, wala hapakuwa na kazi ya kufanya. Marehemu hakuwa wa huyu wala wa yule. Padre alimpa Bujiku pole. Mchungaji naye akampa pole. Kisha wakakaa mpaka kaburi lilipokwisha kuchimbwa, na hilo Paskazia alilikumbuka baadaye kwa shukrani, kwamba angalau walikaa. Bujiku alimzika mama yake kwa desturi za wazee, nyuma ya ghala la mtama.

Jioni ya siku ya pili ya matanga, wanawake walipokuwa wamelala chini kuzunguka moto, Paskazia alimwuliza Ghati mama alikufaje.

Ghati alisita. "Alikufa vizuri, Mama Valerian. Hakuhangaika. Alikuwa akisema neno moja tu. Minzi, minzi. Hilo nalijua, ni maji. Nikamletea kata, nikaiweka mdomoni. Akafumba mdomo. Nikasema labda hataki ya mtungini, nikamletea ya ndooni, yaliyokuwa baridi. Akafumba tena. Akaushika mkono wangu, anauvuta juu, hivi, hana nguvu. Nikajua ana joto. Nikalowesha kitambaa, nikampangusa uso. Akatulia. Nilikosea?"

"Hukukosea," Paskazia akasema. "Wewe hukukosea."

Zipora alikuwa amelala hatua chache kutoka pale, na Paskazia aliona bega lake limeacha kupanda na kushuka. Akamgusa.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Zipora, kata nilikuwa nayo mkononi. Asubuhi ile, kabla sijaondoka. Ningeweza kumbatiza mwenyewe, sisi tunaruhusiwa. Nikaiacha ili uje umwone padre."

Zipora aliketi. Moto ulimulika upande mmoja wa uso wake. Paskazia alikuwa tayari kwa matusi, hata aliyatamani.

"Na mimi nilimpita mlangoni," Zipora akasema polepole. "Nilisikia anaita maji. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji, dada. Nikaitua, nikampita, nikamfuata mchungaji."

Hawakukumbatiana. Zipora alijifunika kanga kichwani na kulia ndani yake, na Paskazia akakaa karibu naye bila kujua mkono wake auweke wapi.

Baada ya matanga Paskazia alikwenda kwa padre, akamweleza yote. Padre alimsikiliza, akamwambia kwamba Mungu hakufungwa na maji, na kwamba mtu aliyetaka kwa moyo wake wote amekwisha kupokea. Alimtaka asihofu juu ya hukumu ya mama yake.

"Sihofu ya mama, padre," Paskazia akamjibu. "Mama alisimama katikati yetu kwa sababu alitupenda wote. Siku hiyo nitakapoulizwa mimi, nitajibu nini?"

Padre aliukunjua mkono wake juu ya meza, akautazama, akaukunja tena. Akamwondolea dhambi kwa maneno ya Kanisa. Paskazia alirudi nyumbani ameondolewa dhambi, na uzito ukiwa pale pale.

Walipovuna pamba, Bujiku aliwaita kusafisha kaburi. Zipora alikuja na jembe, Paskazia na ufagio. Walifanya kazi bila maneno mengi. Walipomaliza, Paskazia akasema, "Tumwombee."

Alijua Waprotestanti hawawaombei wafu. Zipora naye alijua kwamba anajua. Alifuta jasho, akafikiri.

"Sala ya Bwana tunayo wote," akasema.

Wakapiga magoti, wakaanza Baba yetu, na sauti zao zilikwenda pamoja mpaka kwenye ufalme. Hapo Paskazia akasema *ufike* kama alivyofundishwa na Wakatoliki, na Zipora akasema *uje* kama alivyofundishwa na watu wake. Maneno yakagongana.

"Tuanze tena," akasema Paskazia.

Wakaanza tena. Safari hii Paskazia, kwa kutaka kumpisha mdogo wake, akasema *uje*, na Zipora, kwa kutaka kumpisha dada yake, akasema *ufike*.

Nusura Zipora acheke. Kicheko kikamgeuka kilio, akainama mpaka paji la uso likagusa udongo. Bujiku alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala, kirungu begani, ng'ombe wakimpita kurudi zizini.

"Mmemaliza?" akauliza.

"Bado, kaka," Paskazia akamjibu. "Utungoje kidogo."

Bujiku akakaa chini kuwangoja.