Picha ya Ngozi Safi

Mteja aliinuka kichwa kikiwa kimesukwa nusu. Magamba meupe yalikuwa yamemdondokea begani kutoka mikononi mwa msusi.

"Samahani, dada, nimekumbuka nimeacha mgonjwa nyumbani." Akajifunga kitambaa, akaondoka.

Msusi alifagia nywele za watu pamoja na ngozi yake mwenyewe. Ugonjwa ule hauambukizi, lakini alishachoka kueleza.

Wifi yake, muuguzi katika kliniki ya ngozi, ndiye aliyemletea habari njema. Kulikuwa na sindano mpya ya kutuliza kinga ya mwili, ile iliyokuwa ikiishambulia ngozi yake. Kliniki ilitafuta wagonjwa wa kuijaribu, bure.

"Wifi, mimi nilimuuguza mama hadi kifua kikuu kikamchukua. Haina neno?"

"Niachie mimi. Nitamwambia daktari."

Ngozi ikatakata. Msusi akawa anajipapasa viwiko kama mtu aliyevaa nguo mpya. Wateja walirudi, hata yule mwenye mgonjwa. Mumewe akaanza tena kumtania. Kila alipomwona wifi yake, alimkumbatia.

Kisha kikaja kikohozi. Wifi alisema ni vumbi la nywele tu. Msusi alipotema damu kwenye beseni la kuoshea wateja, alikwenda mwenyewe hospitali ya umma.

"Walikupima kifua kabla ya sindano?" tabibu aliuliza.

"Hawakunipima."

"Kifua kikuu kilikuwa kimelala ndani yako. Kinga ikalegezwa, kikaamka."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kliniki.

"Wifi, ulimwambia daktari?"

Muuguzi alifunga mlango kwanza. "Ningemwambia, angekukataa. Ulikuwa unalia kila siku. Na mimi walikuwa wananibana nilete watu."

"Ukaniuza."

"Nilitaka upone."

Daktari, aliyekwisha kupigiwa simu na tabibu, aliingia amevaa barakoa, akasimama mbali. "Sindano tunasitisha. Magamba yanaweza kurudi. Kifua utatibiwa hukohuko hospitali ya umma."

"Na nyinyi je?"

"Sisi ni wa ngozi tu, mama." Alitoa simu mfukoni. "Tuipige picha kabla haijaharibika."

Wifi, bila kumtazama usoni, alimpandisha mikono ya sweta hadi mabegani. Msusi alitaka kusema neno, kikohozi kikambana, mwili mzima ukamtetemeka.

"Mshike vizuri," daktari alimwambia muuguzi. "Anatikisika."