Koti la Paka

Kidonda cha paka kilikuwa kimeoza, na aliyekiozesha ni Fundi. Hakukuwa na wa kumsingizia: si daktari, si paka mwenyewe, wala si nzi waliokuja baadaye.

Paka alikuwa wa dada yake mkubwa, mjane aliyeishi peke yake, yule yule aliyemlea Fundi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Dada alimwita paka huyo Tajiri, kwa kuwa hafanyi kazi na halali chini. Katika miaka miwili Tajiri alizaa mara nne, mara zote ndani ya kabati la nguo, juu ya shuka safi. Dada alipochoka alimpeleka kwa daktari wa mifugo, akatolewa kizazi. Kesho yake simu ikalia kutoka hospitali ya mji mwingine. Nafasi ya kupasuliwa jicho imepatikana, aje haraka. Nafasi hiyo alikuwa ameingojea mwaka mzima. Basi akamtia Tajiri kikapuni, akamleta mpaka karakana ya makochi ya mdogo wake.

"Nitakaa huko kama wiki mbili," alisema. "Ukiniambia hutaki, mdogo wangu, siendi. Jicho litangoja."

"Nenda, dada. Paka ni kitu gani?"

"Daktari kasema kidonda kiangaliwe asubuhi na jioni. Kiangaliwe kwa macho, si kwa kubahatisha. Asikilambe, kisilowe. Nyuzi ziko nane, nimezihesabu."

"Dada, nashona makochi mwaka wa ishirini na sita huu. Utanifundisha mshono?"

Alipoondoka, mke wa Fundi aliinua uso kutoka kwenye cherehani, alipokuwa akishona foronya za mito. "Chakula nitampa mimi," alisema. "Huko chini ya tumbo usiniite. Paka ni wa dada yako, kidonda ni cha dada yako."

Fundi hakuwa mtu wa kinyaa. Alishafungua makochi yaliyokojolewa na vizazi viwili vya watoto. Alishatoa ndani ya sponji kiota cha panya chenye vitoto vyekundu visivyo na manyoya, na siku nyingine meno ya bandia ya mtu, akaendelea kutafuna mkate wake. Lakini nyama hai ilimshinda. Damu ya kidole chake mwenyewe ilimkalisha chini.

Jioni ile alimgeuza Tajiri chali, akatazama mara moja. Tumbo lilikuwa limenyolewa, ngozi nyeupe ina vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Katikati, midomo miwili ya nyama ilikuwa imebanwa kwa nyuzi za buluu, na kwenye uzi wa mwisho limetuama tone la maji ya njano. Fundi alisikia mate yakimjaa kinywani, yale mate mepesi yanayotangulia matapishi. Akamgeuza paka haraka, akatoka nje kupunga upepo.

Shingoni Tajiri alivalishwa kola ya plastiki, pana kama faneli ya mafuta, ili asifikie kidonda. Alitembea kinyumenyume nayo, akaigonga kwenye kila mguu wa kochi, na kabla ya siku kwisha alikuwa ameivua. Fundi aliiokota, akaikagua, akacheka. "Hii kashona nani? Kipofu?"

Akakata nusu mita ya ngozi bandia ya kahawia, masalio ya viti vya ofisi. Ndani akaweka sponji nyembamba. Akatoboa matundu manne ya miguu, akaweka kamba za kufungia mgongoni, na mishono yote akaipaka gundi ili tone la maji lisipenye. Si kisilowe? Basi hakitalowa. Ukingoni akapitisha utepe mwekundu kama wa makochi ya wakubwa. Wateja walisimama kumtazama paka mwenye koti, na mmoja akauliza kama Fundi anaweza kumshonea mbwa wake.

"Na kidonda utakionaje?" mkewe aliuliza.

"Nitafungua kamba. Kamba zina kazi gani?"

Hakuzifungua. Asubuhi ya kwanza alikuwa na haraka, jioni alichoka, kesho yake mteja alifika mapema. Ukweli ni kwamba alilishona koti lile ili asikione kidonda, na lilikuwa limemfaa vizuri.

Kila jioni dada alipiga simu.

"Kidonda vipi?"

"Kimekauka, dada. Kinang'aa."

"Umekiona leo?"

"Kwa macho yangu haya."

"Mungu akuweke. Mimi nimelala chali tu. Wamenikataza kuinama, wamenikataza hata kulia. Lakini nikisikia Tajiri ana neno, nakuja na bandeji yangu usoni, jicho na lipotee."

Siku ya tano ya koti, mwenye saluni alikuja kuchukua benchi lake jipya la wateja. Alilikalia, akajisukuma nyuma kidogo, mara akainuka.

"Fundi, umejaza nini humu? Panya kafia ndani."

"Hiyo ni gundi, mama."

"Gundi naijua. Hii ni maiti."

Fundi hakusikia kitu. Gundi ilishaiua pua yake miaka mingi. Mkewe ndiye aliyeacha cherehani, akainama huku na huku akinusa, mpaka akafika kwenye pembe ya karakana. Tajiri alikuwa amejikunyata juu ya gunia. Sahani yake ya jana ilikuwa imejaa vile vile, na juu ya utepe mwekundu nzi walikuwa wamepanga foleni.

"Fungua," mkewe alisema.

Fundi alimweka paka juu ya benchi, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, akafungua kamba. Koti halikutoka. Lilikuwa limeganda. Alipolivuta lilibanduka polepole, kwa sauti ya kandambili ikitoka kwenye tope, na uvundo ukapanda kama mtu aliyekuwa akingoja mlangoni. Sponji ilikuwa imekunywa kila kitu. Ilikuwa nzito, rangi yake kijani cha maji ya mtaro, na kidole cha Fundi kilipoigusa ikatema. Manyoya yalibaki ndani ya koti kwa mafungu. Nyuzi tatu zilikuwa zimekata nyama na kuachia. Pale zilipoachia palikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, na ndani ya tundu usaha mzito, wa mabonge, kama maziwa yaliyochacha, ukipanda na kushuka kila paka alipovuta pumzi.

Fundi alitapika hapo hapo. Mengine yaliingia kwenye shati, mengi yaliingia kwenye benchi.

"Hilo sasa ni lako," mwenye saluni alisema akiwa tayari barabarani, ameziba pua kwa mtandio.

Mkewe alilitazama lile koti sakafuni. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Huyu, nguo yenyewe ndiyo imemla."

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi, mikono mikavu. Hakupiga kelele. Aliligeuza koti juu ya meza ya bati kwa ncha ya koleo.

"Nani kashona?"

"Mimi."

"Kazi nzuri. Maji hayaingii kabisa. Na maji ya kidonda yangetokea wapi?"

Fundi akaangalia dirishani.

"Hii ni sufuria na kifuniko chake. Umemchemsha siku tano. Niliagiza macho, asubuhi na jioni. Macho hayana gharama, au yana?"

Akamdunga Tajiri sindano ya usingizi, akamwambia Fundi ashike miguu, na asithubutu kutazama dirishani. Alikata nyama iliyokufa vipande vipande, akivitupa kwenye beseni, na kila kimoja kilitua kwa mlio wa kitu chenye maji. Mshono wa ndani ulikuwa bado umeshika. Hilo ndilo lililomwokoa. Akashona upya, nyuzi kumi na nne, akaacha tundu dogo chini lenye kipande cha mpira cha kutolea uchafu.

"Asubuhi na jioni utakamua, utaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Kila siku utamleta achomwe sindano. Ukiruka siku mbili, chimba shimo."

Jioni ile simu ililia. Fundi aliipokea, akakohoa.

"Kidonda vipi?" dada akauliza.

"Kina unyevu kidogo, dada. Kidogo tu."

"Unyevu? Juzi si kilikuwa kinang'aa?"

Fundi akakohoa tena.

"Nipe wifi."

Mkewe aliichukua simu. "Wifi, sikufichi. Kidonda kilioza, hakukitazama. Leo kimeshonwa upya. Sasa anakitazama, mimi mwenyewe nitamsimamia. Ukiinuka hapo unapoteza jicho, na paka hatapona zaidi kwa hilo. Lala chali."

Dada alisema, "Nimelala," akakata.

Watu husema utazoea. Fundi hakuzoea. Mkewe alishika miguu ya mbele akiwa amegeuza uso ukutani, naye Fundi alibonyeza kwa pamba, na uji ule wa njano ulitoka pembeni mwa mpira ukiwa na michirizi ya damu, wa moto kwenye vidole. "Kamua, Fundi, usiombe dua," mkewe alisema. Siku mbili za kwanza alitapika. Baadaye hakuwa na cha kutapika, akawa anakokomoka tu kama mbwa aliyemeza mfupa. Aliosha kucha kwa mafuta ya taa na bado mkewe alizinusa mezani. Hakula yai, hakunywa maziwa. Siku ya sita usaha ukawa maji, ya saba maji yakapungua, ya tisa daktari akauvuta ule mpira, na Fundi akatazama mpaka mwisho.

Dada alirudi na jicho lake zima, amevaa miwani myeusi. Hakukubali kikombe cha chai. Alimpakata Tajiri, akapitisha kidole tumboni, taratibu, midomo ikihesabu. Alipofika nane hakusimama. Alipomaliza akamtia paka kikapuni.

"Uliniambia kwa macho yako," alisema.

"Ndiyo, dada."

Basi, gharama yake ni hii. Nyuzi nane za kwanza na kumi na nne za pili. Sindano kumi, ya usingizi ikiwemo. Kukamua mara kumi na nane. Shati moja lililochomwa, benchi moja ambalo hakuna aliyelinunua, mteja mmoja. Nusu mita ya ngozi bandia. Na dada, ambaye mpaka leo Fundi akimjibu jambo lolote kwenye simu, husikiliza mpaka mwisho, kisha husema, "Haya. Nipe wifi."