Ndoo ya Mwalimu Lavender

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mwalimu Lavender alishuka mtoni kijijini Ngao na ndoo yake ya buluu, akakuta wanawake kumi na mmoja wamekwisha kupanga mitungi. Walimpisha. Alichota, maji yakapanda safi hata kitako cha ndoo kikaonekana. Jirani yake Mashavu alichota papo hapo, akapata maji ya rangi ya chai, yenye povu na harufu ya ngozi mbichi. Akayamwaga, akausogeza mtungi wake kwa Lavender.

Ndivyo ilivyokuwa tangu Machi, kiwanda cha ngozi kilipofungua bomba lake huko juu. Mto mzima ulichafuka, isipokuwa penye mkono wa Lavender. Watu walisema mto humjua mtu wake, wakamletea ndizi.

Ndizi hizo hakuzila. Kwenye mkutano wa wananchi kabla kiwanda hakijajengwa, yeye ndiye aliyetafsiri ripoti ya mazingira kwa Kipokomo, na mdogo wake Valentine alikuwa ameahidiwa kazi kiwandani. Ripoti ilisema maji taka. Akasema maji yaliyotumika. Ilisema sumu, akasema dawa. Ilipofika kwenye uchafuzi, akasema mto utabadilika kidogo, kisha utakuwa safi. Wazee wakatia dole gumba kukikubali kiwanda. Sasa mto ulikuwa ukilitimiza neno lake, kwake peke yake.

Aibu ilipomzidi, alimweleza Mashavu, ambaye mwanawe alikuwa na vipele mwili mzima.

“Maji yakimwagika hayazoleki, Mwalimu,” akasema Mashavu. “Wewe nichotee tu.”

Jumatano akaja afisa wa kupima maji. Lavender alimsihi amwache mtu mwingine achote. Afisa akafungua faili, akasema sampuli huchotwa na mwakilishi wa wananchi, na jina lililomo ni la Lavender.

“Basi andika kwanza kwamba niliwadanganya.”

“Fomu hii ni ya maji tu, madam.”

Mashavu alijaza maji ya rangi ya chai kwenye chupa ya soda, akampa. Afisa akasema chupa isiyo na lakiri haipokelewi.

Lavender akainama, akamwomba Mungu kwa moyo wote ampe maji machafu. Chupa ikajaa maji maangavu. Afisa akaiinua juani, akaandika: salama.

Afisa alipoondoka, povu lilikuwa limefika kwenye migomba. Mashavu akausogeza mtungi.

“Mungu akubariki, Mwalimu,” akasema, na Lavender akachota.