Karibu ya Jerop

Kwa Mama Adero, kule Bondeni, Nakuru, hakuna aliyeingia bila hodi. Nyumba ilikuwa yetu sisi wanawake tuliotoka jela tukakosa pa kwenda, na Mama Adero, mke wa fundi wa reli na mtu wa kanisa hasa, alisema tumefunguliwa milango na watu wasiobisha, sasa yatosha. Hata yeye alibisha, kwake mwenyewe! Na kulikuwa na sharti: atakayeitikia "karibu" ndiye mwenyeji. Mgeni atalala kwenye mkeka wake, atakula chunguni mwake, na mwenyeji atamdhamini mbele ya serikali mpaka apate kazi.

Mimi sikumkaribisha mtu. Sikuwa na nafasi moyoni. Nilifungwa kwa saa ya memsahibu mmoja wa Molo niliyemfanyia kazi, saa ambayo sikuigusa, kwa sababu Nanyama, yaya wa nyumba ile, alisimama kortini akaapa kwamba aliniona nikiifunga kwenye leso. Nilipotoka jela ya Nakuru nikaenda Molo, mama mkwe alinizuia mlangoni. Mwanangu Chelangat alichungulia nyuma ya bibi yake, akauliza, "Huyu ndiye mwizi?" Matusi ya jela niliyazoea, lakini hilo lilinikata maini. Mama mkwe akasema mtoto hapewi mwizi. Nikarudi Nakuru na jambo moja tu la kumwomba Mungu, nalo si la kuombwa kanisani.

Mungu alisikia. Alasiri moja wenzangu walikuwa wamekwenda sokoni na Mama Adero, nami nachambua majani ya kunde, nikasikia hodi. Sauti ile ningeitambua hata kaburini. Nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Nanyama, amekonda, kichwa kimenyolewa, na askari kando yake. Siku za mwizi ni arobaini, na zake zilikuwa zimetimia kwa mwajiri mwingine.

"Hodi jamani!"

Nikaendelea kuchambua kunde. Raha niliyoisikia siwezi kuificha.

"Wewe iko na mtu hapa ama hakuna?" askari akamuuliza. "Kama hakuna mtu ya kuchukua wewe, narudisha wewe ndani. Hapana zurura mjini."

Nanyama akaanza kulia. "Hodi! Mama yeyote, nisaidie!"

"Nani?" nikasema.

Alikuwa ameijua sauti.

"Dada Jerop? Ni wewe?"

"Nimeuliza nani. Sema jina lako, na useme ulifanya nini Molo. Sema kwa nguvu, Bondeni bado haikujui."

"Dada, si tuongee huko ndani..."

"Ndani ni kwa mtu amekaribishwa."

Askari akacheka, akamshika mkono amwondoe. Hapo Nanyama akalipuka. "Mimi ni Nanyama! Saa ya memsahibu niliiba mimi! Niliiuza Gilgil nikamsingizia Jerop! Jerop hakuiba kitu!"

Majirani wakatoka, mmoja na mwiko mkononi.

"Rudia," nikasema. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Nikamwambia arudie tena, na safari hii haikuwa kwa ajili ya majirani. Ilikuwa kwa utamu wake tu.

Kisha nikafungua mlango, nikasema, "Karibu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Adero, ambaye alikuwa amefika na kikapu chake akayasikia yote, alinikumbatia. "Kusamehe ndio huku, mwanangu," akasema. Sikumsahihisha.

Nilimpakulia Nanyama ugali na kunde zile zile. Alikula kama mtu aliyefukuzwa.

"Mungu akubariki, dada. Nilijua uko na roho nzuri."

"Kula ushibe. Kesho tunapanda gari la moshi kwenda Molo. Hayo maneno ya mlangoni utamwambia mama mkwe wangu, halafu utapiga magoti umwambie mtoto wangu. Tukitoka hapo tunaenda kanisani kwao, halafu sokoni."

Tonge likamgandia mkononi. "Mpaka lini, dada?"

"Mpaka upate kazi," nikasema. "Na hakuna mtu atakuandika kama mimi mwenyeji wako sijakudhamini."

Nikatandika mkeka wetu. Yeye nikamweka upande wa ukuta, mimi nikalala upande wa mlango.