Umeme katika Mkono wa Kaimu

Mimi Swaumu sijaroga hata kuku. Lakini mwaka ule wa hamsini na tano Nandagala nzima iliniita mchawi, na yote kwa ajili ya mkono wa Kaimu.

Kaimu ni mtani wangu; koo zetu zinatukanana tangu enzi za mababu. Msibani kwa shangazi yake nilimkuta anajipakulia nyama, nikamwambia, "Mkono huo wa tamaa, ulegee!" Watu wakacheka, naye akacheka. Keshokutwa yake akarudi kutoka shamba alasiri, kiganja cha kulia kinaning'inia, hawezi kukiinua wala kushika jembe. Basi! Mkewe, Mwanne, akaja kunipigia yowe mlangoni. Wazee wakasema nihame kabla ya mvua.

Hasira zikanipanda. "Twende hospitali Nachingwea," nikamwambia Kaimu, "tukajue moja!" Mzee Abdala, imamu wetu, akafuatana nasi awe shahidi.

Daktari Anselmo alikuwa na kisanduku cha betri chenye nyaya mbili. Akazigusisha karibu na kiwiko. Lo! Kiganja kikainuka chenyewe, Kaimu akaruka. Akazihamishia juu, karibu na kwapa. Kiganja kikabaki kinaning'inia.

"Amri ya ubongo hupita kwenye mishipa ya fahamu," akatueleza. "Chumvichumvi za mwilini zikivuka ukuta wa mshipa, umeme mdogo huzaliwa. Ukiamka hapa, unaamsha pa jirani, hivyo hivyo mpaka kwenye msuli, na msuli unavuta. Hapa chini mshipa ni mzima. Katikati umebanwa, umeme hauvuki. Bwana Kaimu, uliulalia mkono huu?"

Kaimu akatazama sakafu. "Hapana."

"Ajabu. Hata hivyo utapona, ni wiki chache tu."

Njiani Mzee Abdala akaniuliza taratibu, "Sasa, mwanangu, kilichoubana ni nini?" Nikaongeza mwendo.

Wiki ya saba mkono ukainuka. Nikadhani na mimi nimepona. Wapi! Wakasema, "Swaumu kamwachia." Mwanne akaniletea jogoo wa kunishukuru. Nikamfukuza yeye na jogoo wake, kisha nikalia sana.

Ijumaa, baada ya swala, Kaimu akasimama mlangoni mwa msikiti mbele ya watu wote. "Nilikunywa uraka," akasema. Pombe ya mabibo, na yeye ndiye mwadhini wetu! "Nikalala adhuhuri mpaka alasiri, mkono nimeutundika kwenye tagaa la mkorosho. Nilimdanganya daktari kwa aibu. Swaumu hana kosa."

Uadhini akavuliwa papo hapo. Alasiri ile akaadhini kijana aitwaye Jumaa, kwa sauti ya kukwaruza, nami nikiwa uani nikamwonea Kaimu huruma. Jamani, alikuwa na sauti nzuri yule, na aliipenda kazi ile kuliko shamba lake.

Nikapika wali wa nazi, nikaupeleka kwao mwenyewe. Nikaweka sinia mkekani, nikangoja nione nani atakula cha aliyeitwa mchawi. Mwanne akanawa, akakaa karibu nami, akala tonge la kwanza kabla hata mumewe hajafika.