Mto Ulipoambiwa Unyamaze

Usiku wa jana niliota, na kitu cha kwanza nilichoona ni kifuniko cha chupa kikipiga miayo.

Ilikuwa chupa namba saba, mojawapo ya zile ninazombebea Bwana Kisamo, afisa mazingira aliyepanga chumba cha uani kwetu. Anapima maji ya mto Lufwisi kabla kibali cha bwawa hakijatolewa.

"Umechelewa, Atupele," chupa ikasema. "Mkutano umeanza."

Nikaomba radhi.

Tunaingia ofisi ya kijiji. Ndani hakuna sakafu, kuna mto. Wajumbe wamekaa vitini, maji yamewafika magotini, na hakuna anayeshangaa. Mwenyekiti ni fomu ya kibali. Imevaa miwani.

"Maji yasiwe na rangi," fomu inasoma.

Mto unavua ukijani wake, unaukunja vizuri, unauweka kwenye kiti.

"Yasiwe na harufu."

Mto unatoa harufu ya tope, unaiweka juu ya ukijani.

"Yasiwe na kelele."

Hapo mto ukanitazama mimi.

"Kelele nayo?" ukauliza. "Mbona ndiyo kazi yangu, mwenyekiti?"

"Kelele ni uchafuzi, ukurasa wa kumi na mbili. Bwawa likijaa utatulia, hutasema tena. Wenzako wanayatafuta mapumziko hayo hawayapati."

Wajumbe wakapiga makofi. Mto ukanyamaza, kwa adabu tu.

Mara sipo ofisini. Niko kivukoni, na bibi yangu Sekela anakuja na fimbo yake. Bibi haoni, tangu mimi sijazaliwa. Kila siku hurudi shambani peke yake. Akisikia maji yanapiga mawe ya kivuko, anajua amefika, anakata kushoto, yuko nyumbani.

Leo hasikii kitu. Anaipita nyumba yetu. Anaipita shule niliyoiacha darasa la tano. Anafika mahali nisipopajua, anabisha hodi kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Atupele, chai ipo?"

"Siyo hapa, bibi," ng'ombe anamjibu kwa upole. "Samahani sana."

Ninafungua mdomo nimwite. Sauti haitoki. Ninaufunga.

"Hiyo mara ya ngapi?" chupa ikauliza.

"Ya tatu," nikaijibu kwa vidole.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu, kwenye mkutano wa kweli, Bwana Kisamo alipouliza kama kuna mwenye neno. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mara ya pili nilipokuwa natia saini mahudhurio, yeye amesimama karibu yangu kabisa.

"Basi vizuri," chupa ikasema. "Bwana Kisamo alikufundisha nini? Chupa husuuzwa mara tatu kabla ya kuchukua sampuli. Siku zote hizi ulikuwa unasuuza tu. Sasa chukua."

Nikapiga magoti majini. Mto ukachungulia huku na huku.

"Funda moja," ukaninong'oneza. "Mwenyekiti asione."

Nikajaza chupa sauti, nikaiinua juu. Kule mbali bibi akasimama, akainamisha kichwa.

"Ahaa," akasema, na akageuka.

Nikaamka. Kumekucha. Dirishani naona Bwana Kisamo anapakia masanduku kwenye gari. Fomu inaenda mjini leo. Chupa namba saba iko pembeni ya kitanda changu, kavu, kama nilivyoiacha.

Nikalegeza kifuniko. Ndani yake maji yakapiga mawe.

Bibi akaniita kutoka chumba cha pili, "We Atupele, mbona umeuingiza mto ndani?"

Nikatoka bila viatu.

"Shikamoo, Bwana Kisamo."

"Marahaba! Kumbe una sauti, binti? Wiki nzima nasalimiana na kichwa chako."

Gari lilikuwa linanguruma. Nikaikumbatia chupa.

"Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika kelele," nikasema. "Naomba uandike na ukimya. Mto ukinyamaza, bibi yangu hatajua njia ya kurudi nyumbani."